Maziwa ya mbuzi na ya ng'ombe: harufu huanzia bandani

"Mie ya mbuzi siyawezi, yananuka beberu." Kauli hii naisikia kila nikipita kwa wafugaji wa Micheweni, kaskazini mwa Pemba, ambako ardhi ya mawe humfaa mbuzi kuliko ng'ombe. Nikiuliza yalikamwa wapi, mara nyingi jibu ni hilo hilo: bandani, na beberu kafungwa pale pale.

Maziwa ya mbuzi yaliyokamwa kwa usafi na kupoozwa mapema ladha yake haiko mbali na ya ng'ombe. Ni meupe zaidi, kwa kuwa mbuzi huigeuza ile rangi ya manjano itokayo kwenye majani kuwa vitamini A, ilhali kwa ng'ombe sehemu yake hubaki kwenye mafuta. Chembe zake za mafuta ni ndogo, ndiyo maana malai hayapandi juu haraka. Ukiyatia kwenye chai ya iliki, mgeni hatajua.

Basi anza na beberu. Ana tezi za harufu nyuma ya pembe, na msimu wa kupanda majike hujikojolea mpaka ndevuni. Mtengee banda lake, mbali na majike wanaokamwa, upande ambao upepo hautoki kwake kuja kwao. Jike akiwa kwenye joto, jambo linalorudi kila siku 21 hivi, mpeleke kwa beberu, apandwe, umrudishe. Na ukishamshika beberu, usiende kukama kabla ya kunawa kwa sabuni.

Osha kiwele, kikaushe kwa kitambaa safi, michirizo ya kwanza ikamie kwenye kikombe cheusi uitazame. Ukiona mabonge au damu, kiwele kinaumwa. Maziwa hayo usiyachanganye na mengine. Chuja, kisha weka chombo kwenye maji baridi au friji papo hapo. Mafuta ya mbuzi yakitikiswa na kukaa kwenye joto huvunjika, na harufu kali hutoka humo humo hata kama beberu yuko kijiji cha pili. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu. Kidumu kilichowahi kutiwa mafuta ya kupikia hakifai, hata ukisugue vipi.

Kwa upande wa afya, protini na kalsiamu hazipishani sana. Mgando wa maziwa ya mbuzi tumboni ni laini zaidi, na wako wanaosema yanawakalia vyema. Lakini anayeharisha kwa sababu ya sukari ya maziwa asitarajie nafuu kubwa, maana sukari hiyo imo kwenye ya mbuzi pia, pungufu kidogo tu. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe naye mara nyingi hudhurika na ya mbuzi.

Hapa nawaomba sana kina mama na mabibi. Nimewahi kukuta mtoto wa miezi minne akinyweshwa maziwa ya mbuzi kwa kuambiwa ni dawa. Yana asidi ya foliki kidogo mno, na mtoto mchanga akiyategemea hupungukiwa damu. Ya ng'ombe nayo hayamfai. Miezi 6 ya mwanzo ni ziwa la mama peke yake, na maziwa ya mnyama yasiwe kinywaji chake kikuu kabla hajatimiza mwaka. Kama mama hana maziwa, aende kituo cha afya, asije bandani.

Kwa wengine wote, yachemshe mpaka yapande, ya mbuzi na ya ng'ombe sawasawa. Ugonjwa wa kutupa mimba, bruselosisi, humfikia mtu kwa maziwa mabichi, akawa na homa na maumivu ya viungo kwa wiki nyingi. Mbuzi wako akitupa mimba, usikishike kitoto wala kondo kwa mikono mitupu. Vaa glavu, vifukie shimo refu mbali na mbwa, na umwite daktari wa mifugo siku ile ile.