Namna ninavyotengeneza kazi za maboksi kwa watoto wa kitengo

Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu ana kilio kimoja ambacho wenzake wa madarasa mengine hawakijui: akimshika mkono mtoto mmoja amfundishe kufunga kifungo, wengine wote wanabaki mikono mitupu. Mmoja ataanza kuzungukazunguka, mwingine atatafuna kola ya shati, wa tatu yuko mlangoni anataka kutoka. Watu huita utundu. Mimi naona watoto waliokosa kazi. Mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji (autism) anapenda kazi kama mtoto yeyote, ila kazi yenyewe lazima aielewe kwa macho na mikono, maana maelezo yetu marefu ya mdomo mengi yanampita.

Nafundisha watoto hao hapa Tanga, na ninayoyaandika ni ya kazi ambazo mtoto anaweza kuzifanya peke yake mezani, kwa vitu vya kuokoteza na vya bei ndogo, kila kazi na vifaa vyake ndani ya boksi lake. Kipimo changu ni kimoja: weka boksi mbele ya mtoto, kisha funga mdomo. Kama kwa kuangalia tu anajua afanye nini, kiasi gani na mwisho wake uko wapi, kazi inafaa. Kama inabidi umwambie "hapana, siyo huko, weka huku," kasoro iko kwenye boksi. Lichukue ukalirekebishe, mtoto usimlaumu.

Anza kukusanya kabla hujafikiria kazi yoyote. Maboksi ya viatu utayapata kwenye maduka ya Ngamiani, wauzaji wengi wanafurahi kuyaondoa. Baada ya arusi au shughuli yoyote mtaani, waombe kina mama wakuwekee vifuniko vya plastiki vya chupa za maji na soda. Utapata vya buluu, vyeupe, vyekundu, vya kijani, mfuko mzima. Makopo ya maziwa ya unga yenye mfuniko wa plastiki, trei za mayai, vibanio vya nguo kutoka soko la Mgandini, pakiti tupu za majani ya chai na sabuni. Halafu nenda kwa fundi baiskeli. Mji wetu ni wa baiskeli na mafundi wako kila kona, na kwao kuna hazina: bolti na nati za zamani, na tyubu zilizokwisha kuzibwa viraka mpaka basi. Fundi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, bolti hizi zimepauka, wazitakia nini?" Nilipomweleza, akaanza kuniwekea kwenye kopo lake pembeni, ameshazisuuza na mafuta ya taa. Mimi nazifua tena kwa sabuni mpaka harufu iishe.

Hapohapo, kabla ya kupanga chochote, panga usalama. Chukua lile bomba la kadibodi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachopita ndani yake, mtoto anayetia vitu mdomoni asikipewe, hata akiwa amekaa karibu nawe. Vifuniko vya chupa vinapita, kwa hiyo mtoto huyo asipewe. Mpe mipira ya tenisi au machungwa. Betri ndogo za saa na sumaku zisiingie darasani kabisa. Na mbegu nazo zina mambo. Maharage mekundu mabichi yana sumu ambayo huisha kwa kuchemshwa sawasawa, kwa hiyo hayafai kwa anayetafuna. Mbegu za nyonyo ni hatari zaidi. Hatari sawa na hiyo iko kwenye turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watoto wa pwani huziokota vichakani kwa uzuri wake. Ukiona mtu amekuletea shanga za turituri kwa nia njema, mshukuru, kisha zitupe shimoni.

Sasa kazi yenyewe. Ya kwanza kwa kila mtoto ni ya kutia. Chukua kopo la maziwa, weka kifuniko cha chupa juu ya mfuniko wa plastiki, kichore kwa kalamu kukizunguka, kisha kata tundu kwa kisu kilichopashwa moto kwenye mkaa. Kata ndani kidogo ya mstari. Tundu likiwa pana, kifuniko kitadondoka chenyewe na mtoto hatajua amefanya nini. Likibana kidogo, itabidi akisukume kwa kidole, na kile kidole kinachosukuma ndicho kesho kitapitisha kifungo kwenye tundu la shati. Sugua kingo kwa msasa. Usitoboe bati, kingo za bati hukata. Weka vifuniko 6 tu kwenye bakuli upande wa kushoto, kopo upande wa kulia. Nina kijana mwenye usonji ambaye kila akisukuma kifuniko huinamisha sikio hadi juu ya kopo asikilize kikigonga chini. Nilimwacha na sikio lake. Ule mlio ndio unaomwambia kimoja kimeisha, na bakuli tupu linamwambia vyote vimeisha. Kwangu mimi hilo ni somo kamili.

Kinachofuata ni kuchambua. Bakuli moja la vifuniko mchanganyiko, na makopo mawili ya kuwekea, moja limebandikwa kifuniko chekundu na jingine cha buluu. Rangi mbili, basi. Vifuniko vyote viwe vya ukubwa mmoja, kwa sababu vikitofautiana rangi na ukubwa kwa pamoja, hutajua mtoto anachambua kwa kipi. Akizoea rangi, tengeneza boksi jingine la ukubwa, rangi ikiwa moja. Kuoanisha nako hakuhitaji kuchora: nunua pakiti mbilimbili za bidhaa anazoziona nyumbani, chai, chumvi, sabuni, kata sura zake za mbele, bandika moja ndani ya boksi na nyingine mpe mkononi. Mtoto anayeitambua pakiti ya chumvi ya kwao ataweza kutumwa dukani siku moja, na mzazi akiliona hilo ataanza kukuletea pakiti mwenyewe.

Kwa trei ya mayai, kata kipande cha matundu 10 kutoka kwenye yale 30. Kila tundu kitu kimoja. Hapo umeshafundisha kulinganisha kitu kimoja na nafasi moja bila kutaja namba.

Nataka nikae zaidi kwenye kazi za wakubwa, kwa kuwa hapo ndipo tunapowakosea heshima watoto hawa. Kijana wa miaka 16 ameanza kuota ndevu, na bado anapewa pete za plastiki za watoto wachanga apange kwenye mti. Ukweli wa uwezo wake usikufanye usahau umri wake. Kazi ya vidole vilevile inaweza kuvaa sura ya kazi ya mtu mzima: kufunga nati kwenye bolti, kuvika kalamu vifuniko vyake, kupanga machungwa kwenye kreti, kufungasha.

Kufungasha ndiko ninakokupenda kuliko zote. Tatizo lake ni kuhesabu. Wengi hawawezi kuhesabu hadi 5 kwa uhakika, wataweka vibanio 4 kwenye mfuko huu na 7 kwenye ule. Dawa yake ni ubao. Tafuta kipande cha ubao au kadibodi ngumu, chora miraba 5 kwa mstari, kila mraba ukubwa wa kibanio kimoja. Mtoto anaweka kibanio kimoja kwenye kila mraba mpaka usibaki mraba mtupu, kisha anavikusanya vyote anavitia kwenye mfuko. Anaanza tena. Ubao ndio unaohesabu. Kuna binti kwangu ambaye ukimuuliza baada ya 2 inakuja ngapi anakutazama tu, lakini kwa ubao huo mifuko yake yote inatoka sawa, na akimaliza kila mmoja anaukandamiza kwa kiganja ukae bapa kabla ya kuuweka pembeni. Hakuna aliyemfundisha hilo la kuukandamiza. Ukibadilisha vibanio ukaweka vipande vya sabuni, hiyo ni kazi ambayo mtu mzima anaweza kulipwa.

Wenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy) wanaotumia mkono mmoja wanahitaji boksi lisilokimbia. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, bandika chini ya boksi na chini ya kila bakuli kwa gundi ya fundi viatu. Mpira hushika meza. Bolti zikaze kwenye ubao zisimame, ili mkono mmoja ubaki na kazi ya kuzungusha nati tu. Kopo nalo lisimamishe ndani ya tundu ulilokata kwenye boksi. Mara nyingi tunasema mtoto hawezi, kumbe chombo ndicho kilichokuwa kinateleza.

Ukishakuwa na maboksi kadhaa, panga meza. Utaratibu ninaoufuata ulitengenezwa Marekani, Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, katika mpango uitwao TEACCH, ambao Eric Schopler na wenzake waliuanza mwaka 1972 kwa ajili ya watu wenye usonji. Wao husema meza imjibu mtoto maswali manne: nifanye kazi gani, nyingi kiasi gani, nitajuaje nimemaliza, na baada ya hapo kuna nini. Kwa meza zetu inakuwa hivi. Kushoto kwa mtoto panga maboksi 3. Mbele yake kamba fupi yenye kadi 3 zilizobanwa kwa vibanio, kila kadi ina rangi inayolingana na kadi iliyobandikwa kwenye boksi moja. Kulia kwake, sakafuni, kapu kubwa la ukili. Anachomoa kadi ya kwanza, anaiweka kwenye boksi lake, analivuta, anafanya, anatia kapuni. Kamba ikiwa haina kadi, kazi zimeisha. Mwisho wa kamba weka picha ya kile anachokipenda: bembea, maji ya kuchezea, ngoma. Kisha mpe kweli, papo hapo. Ukimcheleweshea, kesho hatakuamini.

Wengine wataniuliza mbona kushoto kwenda kulia, ilhali watoto wetu wengi huenda madrasa na kule husoma kutoka kulia. Nimeshikilia kushoto kwa sababu ndiko maandishi ya Kiswahili yanakoanzia, lakini kama mtoto wako ana mazoea makubwa ya kuanzia kulia, mgeuzie. La kukazania ni kuwa upande usibadilike kila siku.

Boksi jipya usiliweke kwenye meza hiyo. Lifundishe kwanza mahali pengine, ukiwa naye. Simama nyuma yake, mikono yako juu ya mikono yake, usikae mbele ukaonyesha kwa vidole, maana atakutazama wewe badala ya kazi. Anzia mwisho: zungusha nati wewe mpaka ibaki nusu mzunguko, amalizie yeye. Kesho muachie mzunguko mzima, na uzidi kurudi nyuma hivyo mpaka aanze mwenyewe. Ongea kidogo. Akipata tatizo, hesabu kimoyomoyo mpaka 10 kabla hujanyoosha mkono. Wengi hupata jibu wakati sisi bado tunahangaika kuwasaidia. Boksi likishafanywa bila mkono wako ndipo lihamie kwenye meza ya kazi.

Jambo moja nawaomba sana wasaidizi wa darasa: msimwage kazi ya mtoto mbele ya macho yake. Amechambua vifuniko vyote, ameridhika, halafu mtu mzima anavichanganya tena palepale. Subirini aende bembeani.

Weka daftari. Jina, boksi, tarehe, na alama mbili tu: P kwa peke yake, M kwa msaada. P zikifuatana, badilisha boksi kidogo, ongeza rangi ya tatu au vifuniko kutoka 6 hadi 10, lakini kila siku mbakizie boksi moja analolijua vizuri, liwe la kwanza kwenye kamba. Akikataa kazi, usidhani ukaidi mara moja. Angalia kama maboksi ni mengi mno, kama ameketi kiti ambacho miguu inaning'inia, kama jua la dirishani linampiga usoni.

Hali ya hewa ya kwetu nayo ina madai yake. Upepo wa bahari unatia kutu bolti, zipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila mwisho wa wiki. Masika yakiingia maboksi ya kadibodi hulegea; yavike selotepu pana kwenye pembe zote mapema, au hamia kwenye madumu ya plastiki yaliyokatwa. Nafaka na mbegu huleta panya na mende, ndiyo maana mimi nimeziacha kabisa. Ndani ya kila mfuniko andika kilichomo na idadi yake, "vifuniko 6, kopo 1," ili anayekusanya saa sita mchana ajue kabla ya kufunga kama kuna kilichobaki chini ya meza.