Unakwenda kongamano kuprezenti risachi ya saikolojia? Soma hii kabla hujapanda boti

Abstrakti (ule muhtasari wa risachi) ishakubaliwa, hongera, lakini usikae kitako. Waulize waandaaji saizi ya posta, ile karatasi kubwa ya kubandika ubaoni, na kama inasimama au inalala, wengi wanataka A0, yaani sm 84 kwa 119. Mie sikuuliza, nikaprinti ya kulala na ubao wa kusimama, ikaning'inia pembeni kama kanga ilioanikwa. Fonti usishuke chini ya 24, na zile aya ndefu za ripoti ziache nyumbani, watu wanatazama grafu wanasonga mbele.

Unatoka Pemba? Posta itie ndani ya kipande cha bomba la maji, ziba huku na huku, ukae nalo mwenyewe kutoka bandari ya Mkoani mpaka ya Malindi, Unguja. Sofkopi iwe kwenye simu.

Kazi sasa ni maswali. Risachi yangu ilikuwa ya sonona (depression) kwa wanafunzi, nikatumia PHQ-9, lile dodoso la maswali 9, kila moja 0 mpaka 3, jumla 27. Wiki nzima nahangaika na takwimu, thamani ya p, ile namba ya kutazama kama matokeo ni ya bahati tu, naiota usingizini, kumbe siku yenyewe mzee mmoja kasogea pale akaniuliza, "Mwanangu, hilo neno sonona, mtu wa Micheweni ukimuuliza atafahamu nini?" Nikabaki namtazama tu.

Basi kabla hujenda mkalishe mama jikoni umsimulie risachi yako dakika 3 bila neno la kitaalamu. Mie nilifanya hivo baada ya kurudi (akili ya majuto hiyo), mama anakuna nazi yake wala hakunitazama, akasema, "Aa, huyo moyo umemjaa, hana pa kuutua." Hilo ndo lingekuwa swali la kwanza kuulizia watu kabla ya kugawa dodoso!

Na chunga mdomo. Alopata 10 na zaidi kwenye PHQ-9 usimwite mgonjwa, lile dodoso linachuja tu, kupima hasa ni kazi ya daktari. Ukiwa umekusanya data mara moja usiseme, mathalan, simu inasababisha sonona, sema vinakwenda pamoja, maana pengine mwenye sonona ndo anaikimbilia simu.

Ukiulizwa usilolijua jibu "hilo sikulipima", usizungushe maneno, kisha mfate alouliza wakati wa chai. Yule mzee nilimfata, sambusa mkononi, akachukua peni akaniandikia nyuma ya ratiba maneno wanayoyatumia kwao.