Vile mimi hupima gemu za PSP za kujitengenezea kabla niandike rivyu

Watu wengi wakiandika kuhusu hizi gemu za PSP (ile mashine ndogo ya Sony ya kuchezea gemu mkononi) ambazo mtu amejiundia tu kwake nyumbani, si za kampuni, utapata wamecheza dakika tano kwa emuleta, ile programu ya simu inayoigiza PSP, halafu wanasema "iko poa" ama "takataka". Sasa hiyo inasaidia nani? Anayesoma anataka kujua nikimaliza bando zangu kudaunlodi hii kitu, itacheza ama itanisumbua.

Kwa hivyo chezea kwa PSP yenyewe. Yangu niliitoa soko la Kibuye hapa Kisumu Jumapili moja, ni ile 1000 nene, kifuniko cha betri hakikuwa, nimeshikisha na selotepu. Na modeli lazima uitaje kwa rivyu, juu 1000 iko na RAM ya MB 32 na kuanzia 2000 ni MB 64, so unaweza pata gemu inaenda vizuri kwa ya beshte yako na kwako inazima tu ikifika leveli ya tatu, na si ati gemu ni mbovu, memori ndio imeisha. Andika modeli, andika fimwea (toleo la programu inayoendesha PSP yenyewe), andika toleo la gemu. Laini mbili basi.

Kuiweka si kazi kama PSP yako imeshafunguliwa, yaani inakubali gemu zisizo za kampuni: faili ya gemu, EBOOT.PBP, inakaa kwa folda yake, hiyo folda inaingia kwa memori kadi, ndani ya folda inaitwa PSP halafu ile inaitwa GAME. Usiwe kama mimi niliyeitupa EBOOT hapo GAME bila folda yake, nikaanza kulalamika gemu haionekani.

Sasa penye mimi hukaa sana ni kuilaza. Unasukuma swichi ya pawa juu inalala, unasukuma tena inaamka, na gemu ya kampuni itaendelea kama hakuna kitu kilifanyika. Hizi za kujitengenezea nyingi huangukia hapo, kwa sababu faili gemu ilikuwa imefungua kwa memori kadi inapotea ikilala, na kama aliyeiunda hakufikiria hiyo maneno, basi. Nilikuwa kwa matatu natoka Nakuru, tumefika Kericho konda akaanza kukusanya nauli, nikailaza nitafute pesa. Kuamka, picha iko, muziki uko, jamaa wangu anatembea kwa pango sawa sawa, nikasema hii imepita. Nikagusa mlango wa chumba kinachofuata, skrini ikawa nyeusi tii. Ilikuwa inatafuta ramani ya hicho chumba kwa kadi na haiioni tena. Dakika arobaini zangu zikaenda hivyo.

Ukipatwa na kitu kama hiyo usiandike "inakwama kwama". Andika "nikiilaza na kuiamsha, inakwama nikifungua mlango, nimejaribu mara tatu". Hiyo mwenye gemu anaweza kaa chini akatengeneza, ile ingine atasoma tu aumie roho.

Bonyeza Home pia. Kama hakuandika ile kodi ya kutoka, Home haifanyi chochote, unabaki kushikilia swichi mpaka mashine izime. Na uangalie betri, zingine hupandisha prosesa mpaka 333 MHz hata kwa menyu ambayo hakuna kitu inasonga, na 222 ingetosha kabisa.

Toka nayo nje pia. Saa saba mchana hapa Kisumu gemu ya mapango meusi huoni kitu, unaona uso wako. Lakini kwa 1000 ukiona kitu kikikimbia kinaacha kivuli nyuma, hiyo ni skrini, usimlaumu mwenye gemu.

Halafu mpatie mtoto na unyamaze, hapa ndio pagumu, utataka kumwonyesha. Mtoto wa dada yangu alifinya kitufe cha mraba kama mara kumi, akaniangalia, "Anko, kwani huyu haruki?" Kuruka ilikuwa ni X na hakuna mahali imeandikwa. Hiyo swali yake niliiweka kwa rivyu vile ilivyo.

Alama juu ya kumi mimi sipeani, unalinganishaje mtu mmoja anakesha na laptopu na kampuni ya watu mia? Lakini pia huruma weka kando, kama inaboa sema inaboa, na useme kama uliimaliza ama uliachia njiani.

Yule aliyeunda ile gemu ya mlango nilimwandikia kwanza kabla niweke rivyu, akatoa toleo jipya. Safari iliyofuata nikailaza tena Kericho, nikaiamsha, nikagusa mlango, ukafunguka. Ndio nikaona hicho chumba cha pili mwishowe: zambarau kila mahali, ukuta huwezi tofautisha na sakafu. Na hiyo pia niliandika.