Somo: Gari jeusi libaki jeusi kwenye picha

Wadau, picha nyingi za magari meusi yanayouzwa mtandaoni zina kasoro moja kati ya mbili: gari limepauka hadi kijivu na anga limeungua (limekuwa jeupe tupu), au limekuwa doa jeusi lisilo na boneti wala milango. Kipima mwanga cha kamera hakijui rangi ya kitu. Hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa kijivu cha wastani. Ukikijazia fremu Harrier nyeusi, kinadhani ni giza, kinaongeza mwanga.

Hatua ya 1. Osha gari, kisha subiri jua lizame. Ukanda wetu wa ikweta una dakika kama 20 tu za mwanga laini, basi stendi ya kamera iwe tayari mapema.

Hatua ya 2. Hapa ndipo wengi hupita haraka, nami naomba mkae. Rangi nyeusi inayong'aa ni kioo. Umbo la gari tunaliona kupitia vitu vinavyoakisiwa juu yake: anga likilala ubavuni, mkunjo wa mlango unajitokeza wenyewe. Zunguka gari polepole, uondoe kwenye uakisi huo nguzo, watu, na shati lako jeupe. Kichujio cha polaraizi (kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao) husaidia, ila hula hatua 1 hadi 2 za mwanga (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), na ukifuta mng'ao wote gari linakosa mwili.

Hatua ya 3. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, kamera kwenye A au Av, yaani wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi. Gari likijaza fremu, tumia kitufe cha +/− (cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha) ushuke hadi −1, hata −1.5. Anga likitawala fremu mambo yanageuka: kamera itapunguza mwanga, kwa hiyo panda kidogo upande wa +.

Hatua ya 4. Usiiamini skrini, soma histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha: giza kushoto, weupe kulia. Mlima uegemee kushoto bila kugandamana na ukuta. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera linalorekebishika vizuri baadaye.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, sisi wa simu je?*
Gusa boneti kwenye skrini, kisha telezesha alama ya jua kwenda chini mpaka weusi urudi. Usitumie flashi, itaacha doa jeupe kwenye rangi.

*Kaka, gari la harusi jeusi, bibi harusi kavaa shela jeupe. Nimpimie nani?*
Bibi harusi, bila kusita. Shela likiungua nakshi zake hazirudi, lakini gari utalinyanyua baadaye kwenye RAW. Bora zaidi, wasogeze wote kwenye kivuli cha jengo moja. Tofauti ya mwanga kati yao itapungua sana.

*Na bluu iliyokoza?*
Njia ni ileile, ila anzia −0.7. Ukishuka sana bluu inageuka nyeusi, na mnunuzi atakuja kutazama gari ambalo hakuliona kwenye picha.