Wakulima wa kaboni, mti unapimwa mita 1.3 kutoka chini, sio kwenye kitako

Jamani, kuchimba mashimo, kupanda na kupalilia mmeshajua, sirudii. Leo naongelea futi kamba tu. Vikundi vingi vinapunguziwa hela ya hewa ukaa, yaani malipo ya kaboni ambayo miti yetu imeifyonza na kuihifadhi, na miti ipo shambani, imesimama na imeshiba, kisa watu wanapima shina popote mkono unapofika, wengi chini kabisa kwenye kitako ambako mti umetanuka.

Kipimo ni mita 1.3 kutoka ardhini. Sio magotini, na sio kifuani kwa kukisia maana vifua vyetu havilingani. Kata fito iliyonyooka ya sentimita 130 kamili, isimamishe iguse udongo wenyewe sio rundo la majani makavu, pale inapoishia ndo uzungushe futi. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Mti ulioinama, fito ifuate shina. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 pima kila shina peke yake na uandike yote. Kama kuna nundu pale pale, sogea juu mpaka shina liwe sawa alafu andika umepimia wapi. Futi ilale sawa na ikaze, mimea inayotambaa itoe kwanza, na ile futi ya fundi cherehani iacheni tafadhali, inavutika.

Mtu ataniambia sentimita mbili tatu si kitu. Ni kitu kikubwa sana! Kaboni inakadiriwa kutokana na uzito wa mti, na uzito unapanda haraka kuliko unene, kwa hesabu zinazotumika sana ukizidisha kipenyo (unene wa shina kutoka upande hadi upande) asilimia 10 tu, kaboni kwenye karatasi inazidi kama asilimia 27. Krediti, yaani kipimo kinachouzwa, moja ni tani moja ya hewa ukaa, mnunuzi halipii tani ambayo haipo. Wakaguzi wakija wanachagua miti michache wanapima upya, na tofauti wanayoikuta inaweza kushusha hesabu ya kikundi kizima, hata ya yule mama aliyepima vizuri miti yake yote, na hela mliyopanga ya kisima au madarasa inapungua hapo hapo. Hilo ndo linaloniuma.

Kuna na hili la mzingo na kipenyo. Futi inakupa mzingo, yaani urefu wa kulizunguka shina, kama fomu inataka kipenyo lazima ugawe kwa 3.14, mzingo wa sentimita 31.4 ni kipenyo cha 10. Ukiandika 31.4 kwenye safu ya kipenyo umeukuza uzito wa mti kwenye karatasi zaidi ya mara 17, na mkaguzi akiona hivo anatilia shaka fomu nzima. Someni kichwa cha safu kabla ya kuandika jamani, kila safari tunarudia hili!

Pimeni msimu ule ule kila mara, kiangazi ni bora kwa sababu mvua inavimbisha shina na gome kidogo. Muwe wawili, mmoja anapima mwingine anaandika pale pale, sio jioni nyumbani kwa kukumbuka. Chora mstari wa rangi kwenye mita 1.3 ili mwakani upime hapo hapo, ila msumari usigongee kwenye mstari, jeraha linavimba. Mti uliokufa au kukatwa uandikwe hivo, usirukwe.

Mkifanya hivi namba zenu na za mkaguzi zitakaribiana. Fito zikatwe wiki hii, kila mwanakikundi na yake, na mwenyekiti azipime zote kwa futi moja kabla hazijaingia shambani.