Somo: Rojo la nafaka na mboga kwa mtoto wa miezi 6

Ujumbe ni uleule kila mara: "Niongeze maji kiasi gani?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrushia hapa.

Hili ni la mtoto aliyetimiza miezi 6, shingo imekaza na anaweza kukaa akishikiliwa. Maziwa ya mama yanaendelea kama kawaida.

1. Nawa kwa sabuni, osha vyombo na mboga.

2. Suuza mchele vijiko 3 vya chakula, upike kwa maji mengi mpaka punje zipasuke.

3. Menya karoti au boga, kata vipande vinavyolingana, chemsha kwa maji kidogo sufuria ikiwa imefunikwa. Kipande kikipondeka kwa vidole viwili, kimeiva.

4. Chuja. Maji ya mboga usimwage.

5. Kusaga. Hapa ndipo nilipokuwa naharibu. Nilikuwa namimina maji yote kwenye blenda, rojo linatoka kama juisi, mtoto analimaliza, nami najisifu. Haipiti muda analia njaa. Tumbo la mtoto wa umri huu hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mwenye kilo 7 hata kikombe cha mililita 250 hakijai. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi? Saga kwanza bila maji, kisha ongeza maji yale ya mboga kijiko kimoja kimoja. Chota, inamisha kijiko: rojo linatakiwa ling'ang'anie, lianguke polepole kwa donge. Likitiririka, rudishia nafaka. ONYO: likipoa huzidi kuwa zito, kwa hiyo lipime likiwa vuguvugu. ONYO la pili: usipanue tundu la chuchu ya chupa ili lipite. Kijiko tu.

6. Tia mafuta ya kupikia kijiko cha chai, koroga.

7. Anza na vijiko 2 hadi 3, mara 2 au 3 kwa siku. Akigeuza uso, acha.

MASWALI

Mama Pacha: Asante kwa somo. Wangu wana miezi minne, nikiwaonjesha kidogo kuna shida?

Jibu: Soma tena juu. Miezi 6.

Jikoni Tu: Chumvi na sukari zinaingia hatua ya ngapi?

Jibu: Haziingii. Na asali hata tone usimpe kabla ya mwaka mmoja, inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaopooza misuli.

Jikoni Tu: Mbona mkali? Sisi tulilishwa chumvi na tuko hai.

Jibu: Sijasema utakufa. Umeuliza, nimejibu.

Baba Mdogo: Mkuu, jana alibakiza rojo kwenye bakuli, nikaliweka kwenye friji. Asubuhi nimelikuta majimaji, na sikuongeza kitu. Kulikoni?

Jibu: Swali zuri sana hili. Ni mate. Kijiko kilitoka mdomoni kikarudi bakulini, na mate yana kimeng'enya cha amilesi kinachovunja wanga. Wanga ndio ulioshikilia ule uzito. Bakteria nao wameshaingia, kwa hiyo mwaga. Siku nyingine pakua kidogo kwenye bakuli lake, kijiko chake kisifike sufuriani. Cha sufuriani kisikae nje zaidi ya saa 2.

Baba Mdogo: Kumbe! Na hicho kimeng'enya hakiwezi kutufaa?

Jibu: Kinafaa, ila si cha mate. Kimo kwenye kimea, nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa, ikapukuswa machipukizi na kusagwa. Pika rojo zito la kushinda mwiko, ipua, subiri lipungue moto, tia kijiko cha chai cha kimea na ukoroge. Utaliona likilegea bila tone la maji. Kisha lirudishe jikoni lichemke vizuri, maana mbegu zilizooteshwa hubeba vijidudu. Kimea chenye ukungu tupa.

Mama Pacha: Wakifika miezi sita, niwape mchele kila siku?

Jibu: Badilisha na oti, mahindi, mtama. Mpunga hufyonza aseniki, yaani sumu iliyomo kwenye udongo na maji, kuliko nafaka nyingine. Na usiishie kwenye nafaka na mboga, madini ya chuma hayatatosha: ongeza nyama iliyosagwa, yai lililoiva vizuri au dengu.

Mpishi wa Usiku: Viazi kwenye blenda vinanitokea gundi.

Jibu: Blenda inapasua chembe za wanga. Viazi ponda kwa uma, au vipitishe kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko.