Somo: Kupima aseniki kwenye mkojo wa mtu anayekula samaki

Wadau, kwa mji unaokula samaki kama Dar, kipimo cha aseniki (elementi yenye sumu) ya jumla, yaani aina zake zote pamoja, peke yake humtisha mtu bure. Samaki na kamba wana asenobetaini, aina ya aseniki inayopita mwilini bila kubadilika na kutoka bila madhara. Ya kuogopwa ni aseniki isokaboni (isiyoungana na kaboni), ya maji ya kisima au vumbi la uyeyushaji madini. Hiyo mwili huigeuza kuwa aina nyingine mbili za aseniki, MMA na DMA, na sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache.

Anza na chakula. Mhusika aache vyote vya baharini siku 3 hadi 4. Usimuulize tu "umekula samaki?" Atasema hapana, kumbe jana jioni kasimama kwa muuza pweza, kanywa na supu yake. Kwake huo si mlo. Taja kimoja kimoja: pweza, ngisi, chaza, kamba, dagaa, mwani. Andika na wali pia, maana mchele nao huwa na aseniki. Kwangu hii ndiyo hatua nzito kuliko mashine.

Kichupa kiwe cha plastiki, kilicholowekwa kwenye asidi ya nitriki ya 10% na kusuuzwa kwa maji safi ya maabara. Mfanyakazi akitoka zamu anawe mikono kwanza, vumbi lisidondokee ndani. Usitie asidi kwenye mkojo, itavuruga maumbo ya aseniki unayotaka kuyatenganisha. Weka kwenye boksi la barafu papo hapo, kisha friza, nyuzi -20 au -80. Gawa kwenye vichupa vidogo ili usigandishe na kuyeyusha mara mbili.

Maabara: chuja, zimua, tenganisha aina za aseniki kwa kromatografia, soma kwa ICP-MS, mashine inayopima elementi kwa uzito wa atomu zake. Angalia kloridi ya chumvi ya mkojo: ikiungana na agoni, gesi ya mashine hiyo, hutoa uzito wa 75, sawa na aseniki. Kreatinini, taka ya mwili inayoonyesha mkojo ni mzito au mwepesi kiasi gani, ikiwa nje ya gramu 0.3 hadi 3 kwa lita, omba mkojo mwingine.

Swali: Mkuu, shemeji yangu kapata jumla ya mikrogramu 400 kwa lita. Aanze dawa?

Jibu: Namba hiyo pekee haitoshi. Kama anatapika, anaharisha au miguu inakufa ganzi, hospitali leo hii. Kama mzima, arudie kipimo cha kutenganisha baada ya kuacha vya baharini.

Swali: DMA iko juu, MMA na isokaboni ziko chini kabisa?

Jibu: Shuku ngisi, chaza au mwani, dada. Rudia.

Swali: Mkojo ukiwa safi, kisima changu ni salama?

Jibu: Hapana, ndugu. Mkojo unaeleza siku chache zilizopita tu. Pima maji yenyewe; mwongozo wa WHO ni mikrogramu 10 kwa lita.